Mjusi wa Kimboza amelindwa, mkadi wake bado

Ndugu Mhariri,

Habari za uhifadhi zinazopata kurasa nzima magazetini ni za tembo, faru na simba. Naomba nafasi niandike juu ya mnyama asiyezidi urefu wa kidole: mjusi buluu wa Kimboza, ambaye kwa jina la kisayansi ni Lygodactylus williamsi. Ni wa ukoo mmoja na mjusi kafiri anayewinda wadudu kwenye kuta za nyumba zetu. Dume ni wa buluu inayong'aa, koo jeusi na tumbo la rangi ya machungwa. Jike ana rangi ya kijani au ya shaba. Duniani kote anapatikana mkoani Morogoro tu, kwenye misitu iliyo chini ya milima ya Uluguru: Kimboza, Ruvu, na vipande vidogo vya msitu vilivyo nje ya hifadhi, vikiwamo Mbagalala na Muhalama. Na hata humo ndani haishi mahali popote tu. Anaishi kwenye mti uitwao mkadi.

Tangu tarehe 2 Januari 2017 mjusi huyu yumo katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe vilivyo hatarini, daraja moja na sokwe. Uamuzi huo ulifikiwa Johannesburg mwaka 2016, Tanzania ikiwa imeupigania, na ulikuwa uamuzi sahihi. Lakini umefunga mlango mmoja tu, ule wa biashara ya kimataifa. Mti anaoutegemea unaendelea kupungua ndani ya msitu wenyewe, kwa sababu ambazo hati ya CITES haizigusi. Hoja yangu ni kwamba sheria ya kulinda kiumbe haina budi kukilenga kile hasa kinachokimaliza, na kwa Kimboza bado hatujafika hapo.

Tuanze na biashara, maana ndiyo iliyomfanya ajulikane. Watafiti walikadiria kuwa kati ya Desemba 2004 na Julai 2009 kundi moja tu la wakusanyaji lilitoa msituni mijusi kati ya 32,310 na 42,610, sawa na asilimia 15 hivi ya mijusi yote iliyokuwepo porini wakati huo. Namna ya kuwakamata ilikuwa mbaya kuliko idadi yenyewe. Mjusi huyu hujificha katikati ya majani ya mkadi, juu kabisa, mahali ambapo mkono haufiki. Mkusanyaji mwenye haraka haupandi mti. Anaukata, unaanguka, anaokota waliomo. Kwa hiyo kila mzigo uliosafirishwa uliacha nyuma mikadi iliyolala chini, na mijusi iliyobaki ikakosa pa kurudi. Tanzania haikuwahi kutoa kibali cha kumsafirisha mjusi huyu nje. Alitoka kwa jina la ndugu zake: hati iliandikwa Lygodactylus wa aina nyingine, au jina la jumla la jenasi bila spishi, na afisa asiyemjua hakuwa na cha kulinganisha. Alipofika Ulaya akawa mali halali sokoni, kwa kuwa kuvunja sheria ya Tanzania hakukuwa kosa kwa mnunuzi wa kule. Marekani wana Lacey Act, inayofanya kuwa kosa kuingiza mnyama aliyepatikana kwa kuvunja sheria za nchi alikotoka. Nchi nyingi hazina sheria ya namna hiyo.

Sasa mkadi. Ni Pandanus rabaiensis, jina lililotokana na Rabai, kule Kilifi, Kenya. Watu wa pwani wanamjua zaidi ndugu yake, ambaye maua yake yenye harufu nzuri hutiwa kwenye kikuba. Ule wa Kimboza huota kwenye miamba ya chokaa, una majani marefu yenye miiba pembeni, yaliyopangika kwa kuzunguka shina. Maji ya mvua hubaki kwenye vikwapa vya majani hayo, wadudu hujaa, na mjusi hupata humo chakula, maji, maficho na mahali pa kutagia mayai mawili mawili. Dume mmoja hulinda mti wake asiingie dume mwingine. Ndiyo maana idadi ya familia za mijusi haiwezi kuzidi idadi ya mikadi mikubwa iliyosimama: ukipoteza mti mmoja umepoteza makazi ya familia nzima, na majirani hawawapokei. Jambo jingine linalosahaulika ni kwamba mkadi una miti dume na miti jike. Ukikata miti jike michache iliyo karibu na njia, umekata mbegu za eneo lote, hata kama kwa macho msitu unaonekana umejaa.

Adui mkubwa wa mkadi leo ni mti mwingine. Sedrela, au Cedrela odorata, ni mti wa mbao kutoka Amerika ya Kati na Kusini uliopandwa Kimboza karne iliyopita kwa nia njema ya kuongeza mbao. Ulikubali udongo ule kupita kiasi. Mbegu zake zina mabawa na hupeperushwa na upepo, miche hupenda mwanga na hukua haraka, na kila mahali palipofunguka kwa moto au kwa kukatwa mti wa asili, sedrela ndiyo inayofika kwanza. Msitu wenyewe ni kama kilomita za mraba 4 tu, hivyo hakuna nafasi ya kupoteza.

Wanaosema "kateni sedrela yote" wanakosea, na inafaa kueleza kwa nini. Sedrela kubwa ikiangushwa katikati ya mikadi huivunja. Uwazi unaobaki hujaa mwanga, na miche mia ya sedrela iliyokuwa ikisubiri kivulini huchipuka kwa pamoja. Kisiki nacho huchipua upya. Mwaka mmoja baadaye hali ni mbaya kuliko mwanzo, na fedha imekwisha. Njia inayofaa ni kugawa kazi kwa mahali. Palipo na mikadi, mti usiangushwe. Ubambuliwe gome kuzunguka shina lote, mkanda wenye upana usiopungua sentimita 15, mpaka kwenye mbao, bila kuacha hata uzi mmoja wa gome unaounganisha juu na chini. Mti utakufa umesimama, majani yatapukutika kidogo kidogo, na kivuli kitapungua taratibu kiasi cha miti ya asili kuwahi kukua. Baada ya miezi mitatu au minne mtu arudi kukagua, kwa sababu gome huweza kuunganika tena juu ya jeraha, hasa pale panga lilipopita juu juu. Miti ya kando ya njia na pembezoni, isiyo na mikadi chini yake, ndiyo ya kuvuna kwa mbao, ikielekezwa iangukie upande wa wazi, na visiki vikaguliwe na machipukizi yaondolewe yakiwa bado mabichi. Miche ing'olewe kwa mkono na mizizi yake wakati wa mvua, udongo ukiwa laini. Kiangazi hukatika shingoni na kuota tena. Yote haya yatangulie kabla matunda hayajapasuka na kumwaga mbegu. Habari njema ni kwamba mbegu ya sedrela haidumu ardhini. Hupoteza uwezo wa kuota mapema. Ukizuia mti usizae kwa misimu michache mfululizo, huna akiba ya mbegu ya kupigana nayo miaka kumi. Lakini lazima iwe mfululizo. Mradi wa mwaka mmoja unaoishia kwenye ripoti na picha haufai kitu hapa.

Mahali palipofunguka papandwe mikadi na miti ya asili ya Kimboza yenyewe, miche ikioteshwa kwa mbegu zilizookotwa humo humo. Kuleta mche wa mkadi kutoka pwani, hata kama unafanana, ni kuchanganya damu bila sababu.

Ugumu wa kisheria uko hapa: mjusi ni wa sheria moja, mkadi ni wa sheria nyingine. Mjusi yuko chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009. Mkadi uko chini ya Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002, na msitu unasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu. Askari wa wanyamapori anayemkamata mtu na mijusi ana kifungu kizito mkononi. Afisa misitu anayemkuta mtu amekata mkadi mmoja anaona kosa dogo la kuni. Hali mkadi uliokatwa ndiyo hasara ya kudumu zaidi. Sheria ya Misitu inampa Waziri uwezo wa kutangaza aina ya mti kuwa mti uliohifadhiwa kwa tangazo katika Gazeti la Serikali, popote ulipo, hata nje ya msitu wa hifadhi. Mikadi ya Mbagalala na Muhalama ingenufaika na tangazo hilo moja kwa moja, kwa kuwa huko hakuna mpaka wa hifadhi unaoilinda. Ni tangazo la ukurasa mmoja. Na mpango wa usimamizi wa msitu uutaje mkadi kwa jina, uweke maeneo ya kuhesabu miti, na utamke kwamba hesabu hiyo ifanywe na idara zote mbili kwa pamoja, misitu na wanyamapori, kila moja isije na karatasi yake.

Vijiji vinavyozunguka msitu ndivyo vinavyoona moshi wa kwanza. Sheria ya Misitu inaruhusu mkataba wa usimamizi wa pamoja kati ya mwenye msitu na kijiji, na hatua zake zinajulikana: kijiji kinachagua kamati ya maliasili, mipaka inatembelewa na kuchorwa, hali ya msitu inapimwa, mpango unaandikwa, sheria ndogo zinapitishwa na mkutano mkuu wa kijiji na kuthibitishwa na halmashauri ya wilaya, kisha pande mbili zinasaini. Mikataba mingi ya aina hii nchini imekwama kwenye saini, na sababu ni moja: katika msitu wa lindimaji, yaani wa kulinda vyanzo vya maji, hairuhusiwi kuvuna, kwa hiyo kijiji kinapewa kazi ya kulinda bila mapato ya kulipia hata viatu vya doria. Kimboza ina njia ya kutoka hapo ambayo misitu mingine haina. Sedrela ni mbao nzuri ya samani. Mapato ya sedrela inayovunwa pembezoni kwa utaratibu niliotaja yagawanywe kwa asilimia iliyoandikwa ndani ya mkataba, si kwa ahadi ya mdomo, na sehemu ya kijiji ilipe doria na kusafisha barabara za kuzuia moto kabla ya msimu wa kuandaa mashamba. Tahadhari moja: mavuno yawe na kikomo na tarehe ya mwisho. Kijiji kikishazoea fedha ya sedrela bila kikomo, kuna hatari mtu akaanza kuilea badala ya kuimaliza.

Nirudi kwenye karatasi, kwa ajili ya maofisa wa viwanja vya ndege na pia Waswahili walio Ulaya na Ghuba wanaomwona mjusi huyu akiuzwa. Mnyama wa Kiambatisho cha Kwanza hahami nchi kwa biashara akiwa ametoka porini. Kwa shughuli nyingine, kama utafiti, huhitaji hati mbili, ya nchi anakokwenda na ya nchi anakotoka, na ile ya kuingiza hutangulia. Kwenye hati kuna herufi ya chanzo: W ni wa porini, C ni aliyezalishwa kifungoni, F ni aliyezaliwa kifungoni lakini hakutimiza masharti ya C, D ni wa Kiambatisho cha Kwanza kutoka mazalio ya kibiashara yaliyosajiliwa. Herufi C ndiyo ya kuangaliwa kwa makini. Masharti yake yanataka wazazi wa mwanzo wawe walipatikana kwa kufuata mkataba na sheria za nchi walikotoka. Kama Tanzania haikuwahi kutoa kibali cha kumtoa mjusi huyu, muuzaji anayedai uzao halali anapaswa kueleza babu wa mijusi wake alivukaje mpaka. Mamlaka za nchi za nje zina wajibu wa kuuliza swali hilo, na mamlaka yetu ina haki ya kuwaandikia waulize.

Ndani ya nchi, kesi huharibika zaidi kwenye vielelezo kuliko kwenye ushahidi wa tukio. Kumiliki nyara, yaani mnyamapori au sehemu yake, bila kibali kunaweza kumpeleka mtu jela kati ya miaka 20 na 30, lakini mwendesha mashtaka anahitaji hati ya utambuzi na thamani ya nyara. Mjusi akiandikwa "mjusi" tu, wakili mzuri atauliza mjusi yupi. Aandikwe kwa jina la kisayansi, apigwe picha ya mgongo, koo na tumbo pembeni ya rula, na jedwali la thamani limtaje peke yake. Mnyama hai hawezi kungoja hukumu ndani ya ndoo, hivyo huombwa amri ya hakimu ya kumwondoa kama kielelezo kinachoharibika. Amri hiyo itolewe mtuhumiwa akiwepo na akiwa amesikilizwa. Hukumu za nyara zimetenguliwa kwenye rufaa kwa kuruka hatua hii ya dakika chache. Kisha mijusi irudishwe kwenye msitu uleule ilikotolewa, wa Kimboza Kimboza na wa Ruvu Ruvu, baada ya kutengwa na kuchunguzwa kama ilikuwa imechanganywa na wanyama wa kutoka kwingine.

Anayedhani Kiambatisho cha Kwanza peke yake kinatosha aitazame Kihansi, korongo la mto katika milima ya Udzungwa. Vyura wote wa jenasi ya Nectophrynoides, wale wanaozaa watoto badala ya kutaga mayai majini, waliingizwa katika Kiambatisho hicho mwaka 1975. Chura wa Kihansi alipogunduliwa mwaka 1996 alikuwa tayari amelindwa na sheria ya kimataifa kabla hata hajapewa jina. Hakuna mfanyabiashara aliyemgusa. Kilichomwondoa ni maji. Bwawa la umeme la megawati 180 lilipoanza kazi mwaka 2000, zaidi ya asilimia 90 ya maji ya mto yalielekezwa kwenye mitambo, na manyunyu ya maporomoko aliyoyategemea yakakatika. Manyunyu ya kutengenezwa kwa mabomba yalisaidia kwa muda. Mwaka 2003 vyura walianguka ghafla, ugonjwa wa ukungu wa ngozi ukiwa umeonekana miongoni mwao, na mwaka 2009 spishi ikatangazwa kuwa imetoweka porini. Ilinusurika kwa sababu vyura 499 walikuwa wamepelekwa Bronx Zoo, New York, mwishoni mwa 2000, na vizazi vyao vikaanza kurejeshwa korongoni mwaka 2012. Hati iliyokuwa na uwezo wa kumlinda haikuwa ya CITES. Ilikuwa hati ya haki ya kutumia maji, yenye kiasi cha kuachwa mtoni kikiwa kimeandikwa kwa mita za ujazo kwa sekunde tangu siku ya kwanza. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya mwaka 2004 ilikuja baadaye. Leo hakuna sababu ya tathmini ya mradi wa maji kuishia kwenye bwawa bila kushuka hadi mwisho wa mto unaokaushwa.

Liko jambo la mwisho ambalo Serikali inaweza kulifanya peke yake. Kuingiza spishi katika Kiambatisho cha Kwanza au cha Pili kunahitaji mkutano wa nchi wanachama, pendekezo liwasilishwe siku 150 kabla, na theluthi mbili ya kura. Mkutano huja takriban kila miaka mitatu, muda unaotosha kumaliza mjusi wa msitu wa kilomita za mraba 4. Kiambatisho cha Tatu hakina kura. Nchi inayomlinda kiumbe ndani ya mipaka yake huiandikia Sekretarieti, na siku 90 baada ya Sekretarieti kuzitaarifu nchi nyingine, kila mzigo unaotoka Tanzania unadai hati yetu, na unaotoka kwingine unadai cheti cha asili. Vinyonga wetu wengi tayari wamo katika Kiambatisho cha Pili, wakiwamo wale wadogo wa Rhampholeon walioingia 2017. Ndugu wa mjusi buluu, yaani Lygodactylus wengine waliotumika kama jina la bandia, na vyura wa Callulina wa milima ya Tao la Mashariki, hawamo. Kuwaingiza kwa jenasi nzima kungeziba mwanya wa majina na kuwakuta hata wale ambao bado hawajapewa jina. Zuio la kusafirisha wanyamapori hai lililowekwa mwaka 2016 ni la kiutawala na linaweza kuondolewa kwa tangazo. Orodha ya kimataifa ingebaki. Barua yenyewe inahitaji majina ya kisayansi, nakala ya sheria ya ndani inayowalinda na maelezo ya namna ya kuwatambua. Wanaoweza kuyaandika maelezo hayo wapo TAWIRI, yaani Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Chuo Kikuu cha Sokoine hapa Morogoro, mwendo mfupi kutoka Kimboza kwenyewe.

Msomaji wenu,
Morogoro